Tupeane uzoefu: chapta ya tatu ilikufundisha nini kuhusu matatizo ya kazini kwako?

Wakuu habari za jioni. Nimemaliza masters ya menejimenti na kilichonisumbua kuliko vyote si SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, ni chapta ya tatu, kubuni utafiti wenyewe. Naanza na langu halafu mwenye lake aweke, kuna wadogo zetu wanaandika proposo sasa hivi.

Niko kampuni ya usambazaji, madereva walikuwa wanaacha kazi sana. Bosi anasema ni mshahara, na mimi nikaandika kichwa hivyohivyo, athari za mshahara kwa madereva kuacha kazi. Supavaiza akaniuliza, nani kakwambia ni mshahara? Nikakosa la kusema, maana jibu nilitoka nalo ofisini nikalivalisha nguo za swali. Akanirudisha niandike kwanza bosi anataka kuamua nini, halafu nijiulize anahitaji kujua nini ndo aamue. Nikaomba mafaili, nikakuta wengi wanaondoka kabla hata ya miezi 4, nikawatafuta 11 kwa simu tukaongea tu bila dodoso, na karibu wote wakataja kitu ambacho kwenye dodoso langu hakikuwemo kabisa, kukatwa hela mzigo ukipungua hata kama umepungulia godauni. Ndo nikaelewa kwa nini wanasema kama hujui hata cha kuuliza anza na mahojiano, dodoso lije baadaye kupima ni wangapi.

*mdada_wa_HR:* Umenigusa mkuu. Langu ni hilo dodoso. Nilipeleka kiwandani maswali ya Kiingereza, skeli ya Likert 1 mpaka 5 (1 sikubali kabisa, 5 nakubali kabisa), yakarudi 4 na 5 tupu, mtu katiki mstari mmoja toka juu mpaka chini. Kumbe niliwapa masupavaiza wagawe na wakusanye wenyewe, sasa nani ataandika supavaiza wangu hanisikilizi halafu amkabidhi karatasi mkononi? Na kulikuwa na swali "meneja ananisikiliza na kunilipa ovataimu kwa wakati", mama mmoja akaniuliza, mwanangu, kusikiliza ananisikiliza, kulipa ndo halipi, nitiki wapi? Sikuwa na jibu. Nikaanza upya, nikatafsiri Kiswahili, mwenzangu ambaye hajaona ya mwanzo akayarudisha Kiingereza tukalinganisha, nikajaribisha kwa watu 15 wa kiwanda kingine, nikaweka sanduku lenye kufuli kantini. Alfa ya Cronbach, ile inayopima kama maswali ya kundi moja yanakubaliana, kwenye maswali ya mawasiliano ilitoka 0.58 wakati wengi wanataka angalau 0.7, kucheki nikakuta swali moja limeulizwa kwa kukanusha na sikugeuza alama zake. Raundi ya pili majibu yakatawanyika, na hapo ndo niliona watu wananiambia ukweli.

*kijana_wa_sacco:* Salamu toka Nakuru. Mimi ni sampuli. Ile fomula ya Yamane ya kupata idadi ya kuwauliza, n = N/(1+Ne²), N ni watu wote na e ni kosa unalokubali, wote tumeikariri, sacco yetu ina wanachama 400, kwa kosa la 0.05 unapata 200, nikajua nimemaliza. Nikawa nakaa mlangoni nampa fomu kila anayeingia. Swali langu lilikuwa kwa nini wanachama wanaacha kuweka akiba, sasa aliyeacha atakuja mlangoni kufanya nini? Nilifikisha fomu 140 ndo mwalimu akaniambia nisimame, na akanieleza vizuri tu kwamba idadi haiponyi uchaguzi mbaya. Nikarudi kwa rejista, nikatenga walio hai na waliolala, nikachagua kwa bahati nasibu kila upande. Kuwapata waliolala kwa simu ni kazi ngumu jamani, lakini hao ndio walikuwa na habari. Halafu kibali cha NACOSTI, ile tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, ukishapata usidhani mlango umefunguka, sacco nao watataka barua yao, anza mapema.

*nesi_mtafiti:* Mie nilipima foleni ya wagonjwa wa nje, muda wa kusubiri kabla na baada ya kuanzisha namba. Ulishuka sana, nikafurahi. Kwenye kudifendi wakaniuliza "kabla" ulipima lini, nikasema Jumatatu, na "baada" je, nikasema Alhamisi. Jumatatu kwetu hapapitiki hata bila mtafiti. Halafu nilisimama pale na saa mkononi, wenzangu wananiona wakaongeza kasi, ndo hadithi ya Hawthorne tuliyosoma, kwamba mtu akijua anaangaliwa anabadilika, kile kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago 1924 mpaka 1932, ingawa tafsiri yake watafiti wa baadaye waliibishia sana. Nilirudia kwa wiki nzima nzima, nikilinganisha na kliniki ambayo haijaanza namba, na muda nikautoa kwenye rejista. Tofauti ilibaki ila ndogo, na hiyo ndogo ndo naiamini.

*mwanafunzi22:* Kaka na dada zangu asanteni, mimi nadifendi proposo wiki ijayo, kichwa ni athari za motisha kwa utendaji wa watu wa mauzo. Naona kama nami nimebeba jibu.

Mwenye mada nakujibu mdogo wangu, nani kazini kwenu anataka kuamua nini kuhusu hiyo motisha?

*mwanafunzi22:* Meneja anataka kufuta bonasi, anasema haisaidii.

Basi kesho kamuombe rekodi za mauzo za miezi ya kabla bonasi haijaanza, na uulize kama kuna tawi ambalo halikuwahi kuipata.