Naomba ushauri: nyaya za teluriamu ndani ya mirija nano ya kaboni

mwana_masasi: Wakuu, shikamooni. Niko Masasi, nimemaliza fizikia. Nina unga wa mirija nano ya kaboni, yaani vibomba vidogo mno, upana wa kila kimoja nanomita 1 hivi (sehemu ya bilioni ya mita). Nataka mvuke wa elementi ya teluriamu uingie ndani ugande uwe waya wa atomi chache, halafu mirija yote ilale upande mmoja ili umeme ufuate njia hiyo. Kila nikijaribu inajisokota kama mwani. Nifanyeje?

Kinywe_Ruangwa: Mkuu, kwetu kinywe, madini ya kaboni yanayotiwa kwenye penseli, kipo tele, chonga mirija upendavyo! Shemeji alilipwa fidia ya shamba kupisha mgodi akanunua bodaboda 3. Leo anatembea kwa miguu.

fundi_maabara: Kinywe hakichongwi mirija; mirija mara nyingi huoteshwa kwa gesi yenye kaboni. Kuipanga, itawanye kwenye maji yenye sabuni, uchuje kwa vakyumu (pampu ya kunyonya hewa) polepole mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha hivyo mwaka 2016. Ukiharakisha inalala ovyo. Ila teluriamu unaipashia wapi? Na hela umeitoa wapi?

mwana_masasi: Nimeuliza kupanga tu.

fundi_maabara: Jibu, mdogo wangu.

mwana_masasi: Natoa hewa kwenye bomba la kioo, naziba, napasha kwa tanuri nililojenga uani. Hela ni ya kangomba. Nimeuza korosho za mama kabla ya msimu. Najua ni kosa, lakini nikingoja mnada, maombi ya kwenda kusoma Japani yatafungwa nikiwa sina sampuli. Nitamrudishia.

BintiNewala: Kangomba! Marehemu baba alichukua hela ya ada yangu hivyo hivyo, msimu ulipofika korosho zote zikabebwa tukizitazama. Mama yako anajua?

mwana_masasi: Bado.

MpimaChai: Hii chai, wadau. Nanomita na tanuri la uani wapi na wapi?

mwana_masasi: Situngi, kaka. Juzi bomba la pili limepasuka likiwa la moto. Tangu hapo mama ananiuliza mbona nanuka kitunguu saumu, na hatujakipikia wiki nzima.

fundi_maabara: MpimaChai, huyu hatungi. Teluriamu ikiingia mwilini, pumzi hunuka kitunguu saumu. Mdogo wangu, zima tanuri, nenda hospitali leo, uwatajie daktari jina hilo, teluriamu. Bomba lilipopasuka mama alikuwa wapi?

mwana_masasi: Alikuwa anamenya mihogo hapo hapo uani.