Kaka anatibiwa kichaa, sasa daktari anataka kumtoa maji ya mgongo

Wakuu, naomba msaada. Kaka yangu ana miaka 49, dereva wa lori Dar–Tunduma. Mtu bahili kupindukia, mwaka jana akaanza kukopa bati za nyumba wakati hata kiwanja hana, anatuambia ataitwa kuwa waziri. Kisha kusahau. Mwandiko umekuwa wa darasa la kwanza. Tulianza kwa mganga, halafu hospitali. Akapewa haloperidoli, dawa ya kichaa, shingo ikakakamaa. Juzi daktari mwingine kampima damu, kaswende ipo. Anasema huenda imepanda kichwani, anataka maji ya uti wa mgongo. Mama kagoma, eti atapooza. Na shemeji kapimwa, hana kitu! Inakuwaje?

Nesi wa wodi 3: Pole ndugu. Ya shemeji isikushangaze. Kaswende hujificha hata miaka 20, kidonda alishakisahau, na ikishakaa hivyo ni nadra kumwambukiza mke. Msianze kutafutana ubaya.
Damu peke yake haisemi kama imefika kwenye ubongo, ndiyo maana wanataka maji. Sindano inaingia chini kiunoni, uti wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, umeshaishia juu. Ni palepale wanapochomwa ganzi wanaojifungua kwa kisu. Kichwa kinaweza kumuuma siku mbili tatu.
Wakiithibitisha, ni penisilini ya mshipani kila baada ya saa 4, siku 10 hadi 14, analazwa. Akipewa ile ya matakoni tu, ulizeni. Haifiki vizuri kwenye ubongo. Apimwe na VVU.

Mzee wa Kilosa: Zamani huko Vienna, daktari Wagner-Jauregg aliwaambukiza wagonjwa kama hawa malaria makusudi, homa iwatibu. Akapewa tuzo ya Nobel, 1927! Shukuruni penisilini.

Binti Mkubwa: Baba yangu alipitia haya. Sitakudanganya: makelele na kujiona mkubwa viliisha, usingizi ukarudi, ila majina ya wajukuu hayakurudi. Tulichelewa miaka mitatu tukizunguka kwa waganga. Usikubali wasubiri.

Muuliza swali: Asanteni. Shemeji alimzaa wa mwisho kwa kisu. Jana usiku kamgeuzia mama mgongo, kamwonyesha alipochomwa, kisha akachota ndoo ya maji akaibeba kichwani. Mama kacheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Kesho saa tatu tunampeleka.