Fundi kala hela ya kuandaa boti kwa winta, bloku ya injini imepasuka, ananiambia ni kazi ya Mungu!

Wakuu mlioko Houston, Galveston na huko kote Texas, mwenye boti ya injini ya ndani asome hapa kabla hajampa mtu hela yake.

Mwezi wa kumi na moja nilipeleka boti kwenye gereji moja huku upande wa Kemah waiandae kwa winta, yaani maji yasigande ndani ya injini, nikalipa zaidi ya dola 300 na risiti ninayo. Ikaja ile baridi ya Januari 2025 iliyoleta theluji mpaka pwani ya Ghuba. Ilipopita nikaenda kuangalia mashine, nachomoa stiki ya oili, rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili! Kupiga tochi ubavuni mwa bloku kuna ufa mrefu, ukucha unaingia kabisa.

Na alichofanya fundi kanisimulia mwenyewe bila aibu. Kavutisha ile antifrizi ya pinki (dawa ya kuzuia maji kuganda), injini ikiwa ya baridi, akaona inatokea kwenye ekzosi akazima, kazi kwisha. Sasa we fundi gani hujui thermostati (kile kilango kinachofunguka injini ikipata moto) ikiwa imefunga ile dawa inapita kwenye manifoldi za ekzosi inatoka zake nje, bloku inabaki na maji yake yale yale, na hata kidogo kinachoingia kinachanganyika na maji kinakosa nguvu? Unatakiwa ufungue nati za kutolea maji pande zote mbili za bloku, na maji yasipotoka uchokonoe kwa waya maana kutu na mchanga vinaziba tundu. Nati zangu zina rangi ya kiwandani mpaka leo, hakuna spana iliyozigusa! Maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, lazima chuma kipasuke.

(Wenye outboard, injini ya kufunga nyuma ya boti, mna nafuu, mkiishusha wima maji yanamwagika yenyewe, ila cheki oili ya gia, ikiwa imeingia maji nayo inapasua.)

Nikamuuliza, ananijibu eti "bro Texas hakuna baridi ya hivyo, hiyo ni kazi ya Mungu". Kazi ya Mungu?? Februari 2021 Houston ilifika karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, umeme ukakatika, walioweka hita kwenye chumba cha injini zikazima zote, na yeye alikuwa hapa hapa anatengeneza boti za watu. Na kama hakuna baridi hela yangu ulichukua ya nini? Kinachoniuma zaidi ndugu zetu wengi wametoka kwetu pwani, maji kuganda hawajawahi kuyaona, wakiambiwa huku joto usijali wanaamini na kulipa.

Anataka kunirudishia hela ya sevisi tu. Sitaki, nataka bloku. Mahakama ndogo za Texas zinapokea madai mpaka dola 20,000 na mimi naenda. Aliyewahi kumshitaki fundi aniambie, picha za hizo nati na risiti zinatosha au nitafute fundi mwingine aandike ripoti kwanza kabla injini haijashushwa?