Tupeane uzoefu: kitovu kusokoteka kupita kiasi, kumzunguka mtoto shingoni au kufunga fundo

Mama Nahya, Tanga
Habari zenu wapendwa. Mtoto wangu wa pili kazaliwa mimba imetimia kabisa lakini ana kilo 2.1 tu, wakati kaka yake alikuwa na 3.4. Kondo lilipotoka, mkunga akanisogezea beseni nitazame. Kitovu chembamba, kimesokotwa kama kamba ya katani mwanzo hadi mwisho, na upande wa mtoto pamekonda kuliko kidole changu cha mwisho. Akasema huenda ndicho kilichomfanya asikue vizuri. Sasa ananyonya na uzito unapanda, alhamdulillah. Ila kliniki zote nilizohudhuria sikuwahi kusikia habari hii, na naona kila mjamzito anastahili kuijua. Waliopitia waseme, hata yaliyoisha vibaya. Naomba tu tusilaumiane.

Mkunga Mstaafu
Hongera mwanangu. Kitovu kusokoteka ni jambo la kawaida, tena huanza mapema: mimba ya wiki kama 9 tayari msokoto unaonekana. Ndani mna mishipa mitatu. Mmoja unampelekea mtoto damu yenye hewa na chakula, miwili inairudisha kwenye kondo, na yote imefunikwa na ute mzito unaoizuia isibanwe. Urefu wa kawaida ni sentimita 50 hadi 60, na kila sentimita 5 hivi hukuta mzunguko mmoja. Mzunguko ukija kila sentimita 3 au chini ya hapo, kimesokoteka mno. Ukipima sentimita 10 usikute hata mzunguko mmoja mzima, kimenyooka mno, na hicho nacho kina matatizo yake: uchungu ukikolea kinabanwa kirahisi, mapigo ya mtoto yanashuka, mtoto anajisaidia tumboni. Kilichosokoteka mno damu hupita kwa shida, hasa pale palipokonda kama pako, ndiyo maana wengine huzaliwa wadogo na wengine tunawapoteza kabla ya uchungu kuanza. Lakini nimepokea wengi wenye vitovu vya namna hiyo wakalia vizuri tu. Hakuna dawa ya kukisokotoa. Kinachowezekana ni kumfuatilia mtoto: anavyokua, anavyocheza, mapigo yake.

Mama wa Malaika
Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Binti yangu alifariki tumboni nikiwa na miezi minane. Alikuwa mchezaji sana, hasa nikimaliza chakula cha usiku. Siku ile akapoa. Nikapiga simu zahanati, nikaambiwa ninywe soda ya baridi nilale ubavu wa kushoto, watoto wakikaribia kuzaliwa hupunguza kucheza. Nikafuata. Asubuhi hospitalini nesi akahamisha kile kipimo tumboni huku na huku, kisha akaenda kumwita daktari bila kuniangalia. Alipozaliwa wakakuta kitovu kimesokoteka mno, pale karibu na tumbo lake pamekuwa pembamba kabisa. Na msibani wakwe wanaulizana nani alimruhusu kuvaa shanga na mkufu. Hilo liliniumiza kwa namna ambayo bado sijaimaliza.

Mkunga Mstaafu
Pole sana mama. Shanga hazisokoti kitovu, mkufu haukizungushi, na hata kama ungelala chali mwaka mzima usingekisokota wewe. Wakwe wakisema tena, waambie mkunga wa zaidi ya miaka thelathini kasema. Na hilo la mtoto kupunguza kucheza kwa kuwa siku zimekaribia si kweli hata kidogo. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, kucheza kwenyewe hakupaswi kupungua. Soda isimcheleweshe mtu.

Baba Wawili
Wetu alikuwa na fundo, fundo la kweli limekaza katikati ya kitovu. Mkunga akasema hutokea kama mara 1 katika uzazi 100. Mtoto alitoka analia mpaka nikamsikia nje kwenye benchi. Yuko chekechea sasa.

Bi Kidawa, Mombasa
Mimi wote wawili walikuja wamezungukwa shingoni, mmoja mara mbili. Mkunga alipitisha kidole, akakivusha kichwani, nikaambiwa sukuma. Basi. Kwetu wazee hutisha sana kwa hili.

Mjamzito Mpya
Jamani nimesoma natetemeka. Nina wiki 33, utrasaundi ya jana wameandika kitovu kiko shingoni. Dada yangu ananiambia nikaombe oparesheni. Na mbona hawakuandika kama kimesokoteka?

Mkunga Mstaafu
Tulia mwanangu. Katika kila watoto wanne au watano, mmoja huzaliwa kitovu kikiwa shingoni, na walio wengi hawapati shida. Huyo wako anaweza kujizungusha kesho kikatoka. Hilo peke yake si sababu ya oparesheni. Msokoto kwa kawaida haupimwi kwenye utrasaundi za kliniki, huhesabiwa kitovu kikiwa mezani. Muulize daktari mambo mawili: je, mtoto anakua sawasawa na wiki zake, na maji yanatosha? Kisha mjue mwanao, anacheza saa zipi na kwa nguvu gani. Akipungua, nenda siku hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku, usipige simu kwanza. Wakikurudisha na bado huridhiki, rudi tena. Na uchungu ukianza, jifungulie mahali wanaposikiliza mapigo ya mtoto angalau kila nusu saa, na ukifika wakati wa kusukuma kila dakika 5. Wasipofanya hivyo, aliyekusindikiza aombe. Ni haki yenu.

Mama wa Malaika
Mjamzito Mpya, una usafiri wa usiku? Kama huna, panga sasa na bodaboda wa mtaani kwenu, uchukue namba yake. Mimi usiku ule sikuwa na namba ya mtu.