Saratani adimu ya juu ya pua (estesionyuroblastoma): maoni ya pili yaanzie wapi?

Mwana_Temeke
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoufahamu ugonjwa huu. Mgonjwa ni kaka yetu, miaka 43, yuko Dar. Tundu la kulia la pua limeziba miezi 7, muhina (damu kutoka puani) kila mara, na hasikii harufu. Ilidhaniwa nyama za pua, zikakatwa. Majibu ya patholojia yanasema: "uvimbe wa seli ndogo za mviringo, yawezekana ni estesionyuroblastoma." CT scan inaonyesha umegusa sakafu ya fuvu. Tumeambiwa kemo ianze wiki ijayo. Ndugu wameshaanza kuchangishana nauli ya India. Tuanze kemo au tuende? Na tukienda tubebe nini?

Darubini
Pole sana dada, na mfikishie mgonjwa pole. Neno la kulishikilia hapo ni "yawezekana". Seli ndogo za mviringo ni ukoo mkubwa wa saratani: limfoma, melanoma, rabdomiosarkoma, sarkoma ya Ewing, ile saratani ya sinusi inayoitwa SNUC, na hiyo estesionyuroblastoma. Kwa rangi za kawaida za maabara zinafanana mno, ilhali tiba zake haziendani. Limfoma hutibiwa kwa dawa na mionzi, haikatwi. SNUC mara nyingi huanza na kemo. Estesionyuroblastoma inayotolewa kwa kawaida huanza na kisu, kisha mionzi. Kwa hiyo muulizeni daktari swali moja: kemo hiyo imelenga ugonjwa upi?

Kinachotakiwa ni imunohistokemia, yaani kupaka kinyama rangi maalumu zinazoonyesha seli ni za aina gani. Ombeni synaptophysin, chromogranin, S-100, keratin, desmin, CD45, CD99 na SOX10. Kwenye estesionyuroblastoma synaptophysin hushika rangi, keratin kwa kawaida haishiki au hushika kidogo tu, na S-100 hushika seli nyembamba zinazozunguka vishada, kama pindo la kanga linavyozunguka mji wake. Ripoti itaje pia daraja la Hyams, 1 hadi 4, maana hilo ndilo linaloonyesha ukali wa uvimbe.

Mahali panapoharibika sana ni kwenye kinyama chenyewe. Seli hizi ni laini. Koleo likizibana zinapondeka na kuvutika kama nyuzi, na hapo hata bingwa hasomi kitu. Ikiwa ndivyo, biopsi irudiwe, ndani ya chumba cha upasuaji kwa sababu uvimbe huu huvuja damu nyingi.

Nendeni maabara na barua ya daktari, mkaombe bloku za nta (zilizohifadhi kinyama kilichokatwa) pamoja na slaidi, yaani vioo vya darubini, 10 hadi 15 zisizopakwa rangi. Linganisheni namba ya kila bloku na ya kwenye ripoti kabla ya kusaini. Zikiwa bloku 2, moja ibaki nyumbani. Zisiwekwe kwenye dashibodi ya gari: kwa jua la Dar nta italainika. Safarini zikae kwenye kopo gumu, ndani ya begi la mkononi.

Mzizima
Naongezea upande wa picha. CT inaonyesha mfupa ulivyoliwa, lakini haitenganishi vizuri uvimbe na makamasi yaliyokwama nyuma yake. MRI ndiyo inayotenganisha: kwenye picha za T2 makamasi hung'aa, uvimbe huwa wa kijivu. Iombwe yenye gadolinium (dawa ya kuchoma mshipani inayong'arisha picha), vipande vya milimita 3 au chini, ikatwe pia kwa mkao wa mbele (koronali), na shingo iingizwe kwa sababu tezi za shingo ndiko ugonjwa huu hupenda kukimbilia. Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ipimwe kabla. Chukueni CD yenye faili za DICOM, yaani picha halisi za mashine. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haimsaidii mpasuaji yeyote.

Hapo ndipo hatua ya Kadish, yaani ugonjwa umefika wapi, hujulikana: A ni ndani ya pua tu, B imeingia kwenye sinusi, C imevuka hapo kuelekea jicho au ubongo, D imesambaa.

Chumbageni
Nakubaliana na Darubini, ila msisubiri jibu ndipo muanze mengine. Vyote viende sambamba. Wiki hiihii ombeni rufaa kwenye kikao cha pamoja: daktari wa masikio, pua na koo wa Muhimbili, mpasuaji wa ubongo wa MOI (taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili), na daktari wa mionzi wa Ocean Road, taasisi ya saratani. Wakati huohuo tumeni faili India, hospitali ya saratani ya Tata Memorial ya Mumbai kwa mfano, maana viza ya matibabu inahitaji barua ya hospitali.

Popote mtakapokwenda ulizeni: upasuaji wa sakafu ya fuvu mnafanya mara ngapi kwa mwaka? Wa pua na wa ubongo wanaingia pamoja? Tundu litakalobaki kwenye sakafu ya fuvu litazibwa na nini? Asiyejibu waziwazi, msimpe kichwa cha ndugu yenu.

Jicho likianza kupoteza uoni, au fahamu zikibadilika, msingoje maoni ya mtu. Hospitali siku hiyohiyo.

Mwana_Temeke
Mungu awabariki. Akipasuliwa India, mionzi anaweza kufanyia hapa?

Mzizima
Inawezekana, ila pangeni kabla hajapasuliwa. Mionzi hulengwa kuanza ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji na huchukua kama wiki 6, siku 5 kwa wiki. Rudini na ripoti ya upasuaji, ya patholojia, na MRI ya baada. Meno yaangaliwe kabla ya mionzi. Na asipande ndege mpaka mpasuaji athibitishe kwa CT kwamba hewa iliyoingia ndani ya fuvu wakati wa upasuaji imeisha. Angani hutanuka na kuubana ubongo.

Baada ya upasuaji asipenge kamasi, na chafya aitoe kwa mdomo wazi. Akiinama yakadondoka maji meupe kama ya bomba, ni majimaji ya ubongo yanavuja: aonwe mara moja, homa isisubiriwe.

Halafu MRI za ufuatiliaji, pamoja na shingo, ziendelee hata miaka 10 ikipita. Ugonjwa huu hurudi kwa kuchelewa.