Mjadala: Je, maarifa ya mtaani yana nafasi katika somo la hisabati?

Mtoa mada (mwalimu, Unguja):
Tunawaambia wanafunzi kwamba hisabati ipo kila mahali, kisha tunabandika picha ya kanga ukutani, tunataja ulinganifu wa pindo, na kurudi kwenye kanuni za kukariri. Hilo ni pambo tu. Kwa maoni yangu, maarifa ya mtaani yanastahili kuingia darasani pale tu yanapozaa swali ambalo hata mwenye maarifa hayo hajawahi kulazimika kulijibu. Chukueni bahari. Mvuvi anajua kwamba maji yakijaa leo saa 10 jioni, kesho yatachelewa kwa takribani dakika 50, na kwamba baada ya nusu mwezi yatajaa tena karibu na saa ile ile. Mwanafunzi akizidisha 50 kwa 15 atapata dakika 750, yaani saa 12 na nusu, ilhali kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni kama saa 12 na dakika 25. Kumbe yale maji ya jioni yamekwisha kusogea hadi alfajiri, na yale ya alfajiri ndiyo yaliyoshika nafasi yake. Mvuvi hahitaji kulijua hilo ili avue. Mwanafunzi analihitaji ili aelewe hesabu za mzunguko.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa sekondari, Dodoma):
Mwenzangu anaandika kama mtu aliyezaliwa ufukweni. Mwanafunzi wangu hajawahi kuona maji yakipwa, kwa hiyo nitamaliza nusu ya kipindi nikieleza mwezi na bahari kabla sijafika kwenye kuzidisha. Mkinipendekezea bao na kete zake 64, nitauliza ni wasichana wangapi waliowahi kukaribishwa kwenye baraza linapochezwa. Tukisema utamaduni, tuseme ni wa nani. Zaidi ya hayo, mtihani wa kidato cha nne unaandikwa kwa Kiingereza, nao hauulizi habari za wavuvi.

Mchangiaji wa pili:
Upo ushahidi, nao unawagusa nyote wawili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani Recife, Brazil. Walipoulizwa bei wakiwa kazini, walipatia takribani asilimia 98 ya maswali. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi bila habari ya biashara, walipatia takribani asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja kruzero 35. Alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, 210, akaendelea hivyo hadi 350. Shuleni angeambiwa aongeze sifuri mwishoni, basi. Njia yake ni ndefu, lakini kila hatua ilikuwa na maana kwake. Hata hivyo, soko halikumvusha hadi kwenye karatasi, na kazi hiyo ya kumvusha ni ya mwalimu.

Mtoa mada:
Kuhusu bahari nakubali. Huo ni mfano wa wanafunzi wangu, si wa kila mtu. Basi tuchukue kamba. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji, alieleza jinsi wajenzi wa vijijini wanavyopata msingi wa nyumba wenye pembe mraba: wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa, wanazifunga pamoja katikati, wanazivuta zikanyooka, na zile ncha nne zinakuwa pembe za nyumba. Fundi anajua kwamba atapata mstatili. Swali la darasani ni kwa nini asipate umbo jingine. Kamba moja ikizidi nyingine urefu, unapata msambamba. Fundo likisogezwa kwa kipimo kimoja katika kamba zote mbili, unapata trapeza. Mwanafunzi anayeweza kueleza sababu za mabadiliko hayo ameshafanya uthibitisho, na uthibitisho huo anaweza kuuandika kwa lugha yoyote ambayo mtihani utaitaka.

Mchangiaji wa kwanza:
Kamba naipokea, na kesho nitaijaribu uwanjani. Lakini kipindi changu ni cha dakika 40, darasa lina wanafunzi 80, na jambo ulilolieleza, kwa haki yake, linataka vipindi vitatu. Naomba basi mtoa mada aniambie ni mada ipi katika muhtasari niiache ili nivipate.