Tupeane uzoefu: zamu za usiku Kigoma na Tabora, watu wa afya tuseme ya moyoni

Mwisho_wa_Reli:
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepanda bajaji kutoka Mwanga kwenda Ujiji, dereva akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia daktari. Akacheka, akasema, "Ninyi mtu akiumwa mnamwandikia Panadol, akizidiwa mnamwandikia rufaa, mwisho wa mwezi mshahara." Nimeshuka na hasira lakini njia nzima nimekumbuka mengi. Madaktari, matabibu, wauguzi, watu wa maabara, tuelezane yaliyotukuta: ya kuchekesha na ya kuumiza. Majina ya hospitali tuyaache.

Tabibu_wa_Miombo:
Naanza na papasi, yule kupe wa nyumbani. Huku Tabora nyumba za tembe bado zipo, na papasi makazi yake ni nyufa za ukuta na sakafu ya udongo. Usiku anatoka, anamnyonya mtu, anarudi zake, na aliyenyonywa hana habari. Basi kaletwa mzee na vijana wake. Homa inakuja, inaondoka siku kadhaa, inarudi. Mseto, dawa ya malaria, kameza mpaka kauchoka. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana kitu, na alikotoka wamemwandikia typhoid.

Nikamwomba kijana wa maabara afunue hadubini iliyofunikwa kitambaa pale pembeni, aweke tone la damu. Hao hapo, vijidudu vya homa ya papasi, vimejisokota kama springi ya kalamu, vinachezacheza katikati ya chembe za damu. Nikamchoma mzee penisilini. Hazikupita saa nyingi akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, joto limepanda kuliko alivyokuja. Vijana wake wakasimama mlangoni, wote: "Daktari, umemchoma nini mzee wetu?"

Hali ile inategemewa. Vijidudu vikifa kwa mkupuo mmoja mwili unashtuka, na baada ya saa chache unatulia. Lakini nenda kawaeleze hivyo watu wanaomwona baba yao anatapatapa! Nikavuta kiti nikakaa naye mimi mwenyewe, dripu, kitambaa cha maji, mpaka alfajiri. Kulipokucha mzee akafumbua macho, akanisalimia "Mwangaluka", akauliza kama uji umeiva. Mmoja wa wale vijana akaenda nje kulia.

Kinachoniuma ni hiki: kile kipimo cha haraka kinasoma malaria tu. Hadubini ikishafunikwa kitambaa, papasi anabaki salama na typhoid inasingiziwa.

Sista_Nzega:
Typhoid na UTI. Nchi nzima ina typhoid na UTI. Nimemaliza.

Dkt_Mgebuka:
Sista umemaliza kweli. Widal, kile kipimo cha typhoid, inatafuta kinga zilizomo kwenye damu. Aliyewahi kuugua zamani au kuchanjwa anaweza kusoma chanya akiwa hana typhoid yoyote. Uthibitisho ni kuotesha damu, na vituo vingi havina pa kuoteshea. Haya tumefundishwa wote chuoni, na bado mtu anatoka na antibayotiki ya sipro mkononi kwa sababu mgonjwa asiyeandikiwa kitu anaona kaibiwa hela ya kumwona daktari. Kesho usugu wa dawa ukitukaba tutasema wananchi wananunua dawa kiholela. Na sisi je?

Mama_Kibirizi:
Samahani, mimi si mtu wa afya, ni mgonjwa wenu. Mnasimulia vizuri. Nilipokuwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, muuguzi aliniambia, "Wakati unaitafuta hiyo mimba mbona hukupiga kelele?" Mtoto sasa yuko sekondari na sentensi hiyo ninayo mpaka leo. Wa pili nilijifungulia kwa mkunga mtaani, na sababu ni hiyo sentensi. Hilo nalo mlisimulie.

Sista_Nzega:
Mama pole sana. Ila naomba na wewe uione wodi yenye wazazi kumi na wawili na muuguzi mmoja, wawili wako kitanda kimoja, mwingine anasukuma sakafuni.

Mama_Kibirizi:
Uchache wenu siupingi. Matusi yanaongeza idadi ya wauguzi?

Mwisho_wa_Reli:
Hapo Sista kubali. Mama kasema kweli na mimi nimeisikia hiyo kauli kwa masikio yangu, tena mbele ya madaktari, na hakuna aliyekemea.

Sista_Nzega:
Mimi sijawahi kumtukana mzazi, na sitajibu kwa niaba ya wanaotukana. Na ninyi madaktari mnaokuja raundi mnamfokea intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi, mbele ya mgonjwa mpaka mgonjwa anamwonea huruma, hamtukani?

Dkt_Mgebuka:
Hilo la raundi ni kweli tupu. Nimemwona binti wa intani kaulizwa swali, kakosa, akaambiwa akauze vitumbua. Yule bibi kitandani akamtetea: "Mwacheni mjukuu wangu, ndiye pekee aliyekuja usiku nilipoita."

Mkesha:
Hii nimeikalia muda mrefu, leo naitoa.

Hospitali moja ya wilaya, mkoa wa Kigoma, masika, barabara imekatika. Saa tano usiku kinaletwa kibinti kwa bodaboda, mshikaki, kabanwa katikati ya dereva na kaka yake asianguke. Namgeuza kiganja, cheupe. Nafunua kope, ndani hakuna wekundu hata kidogo. Tumbo limejaa, ukiligusa anaruka. Kipimo cha mimba chanya. Nikaingiza sindano tumboni, ikaja damu isiyoganda, yenyewe, bila kuvutwa. Mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, 3 tu.

Kwenye friji ya damu kuna chupa moja, kundi B. Yeye O. Kaka yake A. Dereva wa bodaboda hajui kundi lake na kipimo kikasema B. Rufaa? Kwa barabara ile angefia kwenye matope.

Nilikuwa na AMO (daktari msaidizi) mmoja mzee, amepasua watu tangu sijazaliwa. Akaniambia taratibu, "Dokta, damu anayo. Iko tumboni mwake." Akamtuma sista, akarudi na kifurushi kilichopita kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu. Ndani yake kuna upawa. Upawa wa supu, wa chuma, mpini mrefu. Mzee yule aliutunza pamoja na vifaa vya upasuaji, na mtu akiuchukua kwenda nao jikoni mnagombana naye mwaka mzima.

Ketamini ya usingizi ikaingia, nikafungua tumbo. Mkono wa kushoto umebana mrija, wa kulia unachota. Mzee kashika bakuli lililofunikwa shashi iliyokunjwa mara nane, namimina, mabonge yanabaki juu, damu inapita chini. Kutoka hapo inaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande, ile mililita 63 kwa damu 450, na mfuko unatundikwa na kurudi mkononi mwake mwenyewe. Jenereta likazima katikati ya kazi. Mhudumu akasimama juu ya stuli na tochi, hakutikisika mpaka nimefunga mrija. Mfuko wa pili ulipoanza kuingia, presha iliyokuwa haisomeki ikasoma. Wa tatu ukaingia, midomo ikaanza kupata rangi. Mzee akasema "Alhamdulillah" na mimi nikasema "Amina", tukaendelea kushona.

Sasa sikilizeni. Kaka yake alichungulia dirishani. Alichokiona ni daktari, usiku, kwa tochi, anachota damu ya dada yake kwa upawa anaweka kwenye bakuli. Kulipopambazuka habari iko sokoni: hospitalini kuna mumiani. Saa mbili asubuhi wamefika mwenyekiti wa kijiji, mgambo wawili, na kundi la watu wenye fimbo. Mimi nimesimama mlangoni na gauni lenye damu, hakuna ninachosema wakaelewa. Mzee ndiye aliyetoka. Akawashika mkono wazee mmoja mmoja, akawasalimia Kiha, "Mwakeye", akawaingiza wodini. Binti kakaa kitandani anakunywa chai. Akawaonyesha mfuko mtupu wenye jina la binti, akawaeleza hatua kwa hatua, bila haraka. Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo damu mmempa ya nani?" Binti akajibu mwenyewe: "Yangu, baba."

Watu wakinisifia usiku ule nakasirika. Upawa ulitumika kwa sababu friji ilikuwa na chupa moja.

Tabibu_wa_Miombo:
Mkuu nimesoma nimesimama.

Fundi_Redio:
Hii kweli au chai? Upawa wa supu?

Mkesha:
Kweli. Waulize waliofanya kazi wilayani zamani, njia hii inafahamika.

Dkt_Mgebuka:
Ni kweli, iko kwenye mafunzo ya upasuaji wa hospitali za wilaya. Ila vijana wanaosoma hapa wasiige kichwakichwa. Utumbo ukiwa umetoboka, au damu imekaa tumboni zaidi ya siku, usiirudishe, utamjaza vijidudu.

Sista_Nzega:
Kuna aliyemtaja mhudumu mwenye tochi? Wote mnamsifia daktari na upawa wake.

Mkesha:
Nimemtaja, Sista. Rudia kusoma.

Binti_wa_Kalya:
Mimi nina la saini. Vijiji vya kusini mwa ziwa, mzazi analetwa kwa boti la injini, mtoto kalala vibaya, anahitaji kisu. Mama mkwe anasema tusubiri mume. Mume yuko wapi? Ziwani. Ni siku za giza, wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao usiku kucha, na mtandao haushiki. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, mama mkwe kakaa juu ya mkoba wenye kitenge na kadi. Nikamwinamia mzazi nikamuuliza yeye. Akasema, "Nipe kalamu." Akasaini. Mama mkwe akaninunia mpaka mtoto alipolia.

Mzee_wa_Urambo:
Mimi nisingefanya hivyo. Mkishamruhusu kutoka hospitali, yeye anarudi kuishi kwenye ule ule ukoo. Mkwe lazima ashirikishwe.

Binti_wa_Kalya:
Shikamoo mzee. Alishirikishwa, akakataa. Mtu mzima mwenye akili timamu anajisainia mwenyewe, tumbo ni lake.

Mzee_wa_Urambo:
Marahaba. Sheria naijua, mwanangu. Nazungumzia maisha baada ya nyuzi kutolewa.

Mama_Kibirizi:
Mzee, baada ya nyuzi kutolewa angalau yuko hai wa kugombana naye.

Bandari_Kigoma:
Mmenikumbusha Mei 2015. Warundi wamekimbilia Kagunga, maelfu wamejazana kwenye kijiji kidogo cha ufukweni, mlima nyuma, ziwa mbele, kipindupindu kikalipuka. Meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma, uwanja wa Lake Tanganyika umekuwa kituo, kisha kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa kwenye hema la vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini. Mtu wa kilo 50 anahitaji lita 5 za dripu ndani ya saa 3, na mishipa imeshakauka huioni. Ukiupata, aliyebebwa kama maiti kabla ya adhuhuri anaomba chumvi kwenye uji jioni. Sijaona dawa ya haraka kama maji. Halafu mtu anasema anaumwa malaria kidogo, eti "nitundikie dripu nipate nguvu". Namwambia akanywe maji nyumbani, ananiona nina roho mbaya.

Sista_Nzega:
Dripu ya nguvu! Na wanataka ya njano.

Intani_Mtarajiwa:
Wakuu shikamooni. Nimepangiwa intani Kigoma, niko Dar. Nimesoma yote, nimeogopa, lakini nakuja. Nije na nini?

Dkt_Mgebuka:
Njoo na viatu vya kufunga na moyo. Usiguse migebuka ya kukaanga kwa mawese kabla ya zamu ya usiku, utalala kabla ya wagonjwa.

Bandari_Kigoma:
Usimsikilize. Kula ushibe, hujui utakula tena saa ngapi.

Tabibu_wa_Miombo:
Bado hujachelewa kuomba kubadilishiwa, uje Tabora, kuna asali na maembe.

Mama_Kibirizi:
Ukiingia wodini anza na salamu. Kisha mwambie mgonjwa jina lako. Sijawahi kulijua jina la daktari aliyenitibu.

Mkesha:
Siku ya kwanza, kabla hujaonyeshwa chumba chako, nenda maabara umsalimie anayetunza damu, uulize wana chupa ngapi za O. Uulize kila unapoingia zamu. Na kama kundi lako ni O, mwambie.

Intani_Mtarajiwa:
Mimi O, kaka. Nimeandika yote. Na taa?

Sista_Nzega:
Ya kichwani. Ya betri, za kuchaji zitakuzimikia katikati ya kazi.

Intani_Mtarajiwa:
Betri zipi, Sista?

Sista_Nzega:
Zile nyembamba. Nunua pakiti kubwa hapo hapo Kariakoo, na uniletee na mimi moja, nitamtuma mtu aipokee treni ikisimama Tabora.